Dresa Aliyeyakataa Maziwa

Wasomaji wangu, juzi tumemzika kule mjini Njombe yule dresa mzee, mfunga vidonda wa zamani, na nimerudi mbavu zinaniuma kwa kucheka. Ndiyo, kucheka! Kila mwombolezaji alikuwa na siku aliyofokewa na marehemu, na kila mmoja alitaka kuisimulia. Yangu ni hii.

Enzi ya Mwingereza, nikiwa na miaka saba, nilikuwa nyumbani Makambako napasua mwanzi nitengeneze gari. Kibanzi kikaruka, kikanichoma jicho la kushoto, kikabaki humohumo. Yowe nililopiga! Shangazi yangu, aliyekuwa ananyonyesha, akaja mbio keshatoa ziwa, maana kwetu dawa ya jicho ilikuwa maziwa ya mama, tena ya kukamuliwa palepale. Dresa alikuwa barabarani anasubiri lori la kwenda Njombe. Akaingia uani bila hata hodi.

"Mama, hayo maziwa mpe mwenyewe, mwanao! Na hicho kibanzi asikiguse mtu."

"Bwana Dresa, utamwangalia tu mpaka apofuke?"

"Mkimshikashika ndiyo atapofuka."

Akachukua kikombe cha bati, akanifunika nacho jicho bila kuligusa, akakizungushia bendeji. Shangazi akanuna, akasema serikali imeajiri wavivu. Tukapanda lori lililobeba magome ya miti ya miwati, mimi chali, kichwa mapajani pa shangazi, naye njia nzima anamfokea dereva: "Polepole, baba! Umebeba jicho la mtu!" Siku ileile daktari wa Njombe akakitoa kibanzi.

Bendeji ilipofunguliwa, shangazi alikuwepo. Akaliziba kwa kiganja jicho langu la kulia, lile lisiloumia, akainua vidole. "Vingapi?" Nikamwambia vitatu. Akakaa chini, akalia kama mtoto. Tangu siku hiyo, mtoto akiumia jicho hata kule Mahongole, yeye ndiye wa kwanza kufoka: asiguswe, apelekwe!

Leo magari yamejaa, lakini mikono yetu bado ina haraka. Tunasugua, tunachokoa, tunadondoshea maji ya majani, ili tu tuonekane tumefanya kitu. Dresa alinifundisha kwamba kuizuia mikono na kumwahi anayejua ni kazi kubwa, hata kama watu watakuita mvivu.

Juzi, kabla jeneza halijafunikwa, nilifumba jicho la kulia nikamtazama kwa la kushoto peke yake. Nilimwona vizuri kabisa.