Kamba Walitangulia Kufa

Mjukuu wangu, ambaye ndiye anayeshika kalamu kwa kuwa mimi sikupelekwa shule, ana tangi la kioo sebuleni, hapa Morogoro mjini. Humo alifuga samaki wadogo na kamba wa majini wasiozidi ukubwa wa ukucha. Jumapili iliyopita tuliamka tukawakuta kamba wamelala chali, weupe kama punje za wali. Kufikia adhuhuri samaki nao walikuwa wakielea. Baba yake, mwanangu wa kumzaa, hakuuliza lolote. Alisema mtoto ni mzembe, amewalisha kupita kiasi, na tangi litauzwa. Mtoto akalia. Mimi nilikasirika, rafiki yangu, kwa sababu hukumu ilitolewa kabla ya shahidi kuulizwa, na shahidi alikuwa kamba.

Nililelewa na bibi yangu juu milimani Uluguru, njia ya kupandia kutoka Mkuyuni. Asubuhi sisi wasichana tulishuka mtoni na mitungi, umande ukitulowanisha hadi magotini, harufu ya ndizi za kuchemsha ikitufuata kutoka jikoni. Lakini hapakuwa na ruhusa ya kuteka hivi hivi. Sharti uinue kwanza jiwe moja la ukingoni, uwatazame kamba. Wakiruka, unateka. Wakiwa wamelala, unaweka mtungi chini na kumwita mkubwa. Niliwahi kuteka bila kuinua jiwe, kwa uvivu wa baridi. Bibi aliumwaga mtungi mzima miguuni pangu na kunirudisha mtoni. Alikuwa akisema, "Samaki ana sababu nyingi za kufa. Kamba akitangulia, uliza sumu." Na tena: "Maji hayafi, huuawa."

Asubuhi moja niliinua jiwe, nikakuta wamelala. Bibi hakuhangaika na maji yaliyokuwa mbele yake. Alipanda mto, akiinua jiwe baada ya jiwe, nami nyuma yake, mpaka tukafika mahali ambapo kamba wa juu wanaruka na wa chini wamekufa. Hapo katikati alikuwa amechutama jirani yetu, mzee mzima na kofia yake ya Ijumaa, anatwanga majani ya utupa ili alevye samaki na kuwaokota bila jasho. Adhabu ya kwetu ilikuwa moja: aliyeua maji huwachotea wanawake wote maji ya chemchemi ya mbali, kichwani, mpaka kamba warudi. Mzee yule alijitwika mtungi juu ya kata ya majani ya mgomba siku nyingi, na wanawake hawakumwonea huruma. "Shemeji, kata imekukaa kuliko kofia." "Mwacheni, anajifunza kutembea kama bibi harusi." Hakugusa utupa tena.

Basi mtoto alipomaliza kulia nilimuuliza: maji yamebadilishwa? Hapana. Kuna aliyepuliza dawa ya mbu? Hakuna. Kuna kamba aliyesalia? Walikuwepo wawili, aliowatenga tangu juzi katika bakuli, kwa maji yale yale ya tangi. Walikuwa wazima. Maji, basi, hayakuwa na hatia. Ni kitu gani kiliingia tangini kisichoingia bakulini? Akafikiri, akasema, "Jani la mchicha, bibi. Na nililiosha." Mchicha huo tuliununua mlangoni kwa mama muuza mboga, na fungu lililobaki lilipikwa kwa nazi. Sote tuliula.

Nilimsubiri mama yule. Alinijibu kwa adabu: "Shikamoo, bibi. Ni kweli mchicha unapigwa dawa, usipopigwa hauna mnunuzi. Lakini si mimi. Mimi nanunua kwa mtu wa gari." Mtu wa gari akasema yeye hubeba tu, niwaulize wenye mashamba. Wenye mashamba, naambiwa, huwataja wa dukani, na wa dukani husema dawa huwafikia ikiwa imefungwa.

"Mama, hao ni samaki tu," mwanangu akasema.

"Kamba alikula jani moja," nikamwambia. "Wewe ulikula bakuli, ukaongeza."

Habari ya kuuza tangi hakuirudia.

Siulilii utoto wangu. Ulikuwa na baridi na njaa. Ninalolilia ni hili: zamani ukipanda mto ulimkuta mtu, unamjua yeye na mama yake, nawe ungeweza kumtwika mtungi. Siku hizi unapanda, unapanda, na kila unayemkuta anakuelekeza kwa mwingine aliye juu yake.