Sanduku la Manjano Nililolifanya Mimbari

Mtu aliyezoea kuwakemea wengine hufikiwa na siku yake, na yangu, nakiri kwa aibu ambayo miaka haijaifuta, ilinifikia Al Quoz, mtaa wa viwanda katika nchi ya Kiarabu, wakati Ijumaa ilipokuwa bado siku ya mapumziko, mbele ya waumini thelathini walioniita Mwalimu.

Nilikuwa mlinzi wa ghala, na Alhamisi niliona sanduku la manjano, zito, lenye kufuli, limelala karibu na tuta la barabarani, bila shaka limeanguka kutoka kwenye pikapu. Nikamngoja mwenyewe, hakurudi, nikajiambia nitalikabidhi Jumamosi ofisi zikifunguliwa, na kwa kuwa ukumbi wa chakula wa kambi yetu haukuwa na mimbari, mimi na mlinzi mwenzangu tukalibeba hadi pale, nikalifunika kitambaa cheupe (lilikuwa na kibandiko, nami, msomaji wa vitabu vinene, sikuinama kukisoma), nikaweka Biblia juu yake.

Ijumaa hiyo nilikuwa nikihubiri juu ya nguvu isiyoonekana tuliposikia mlio mdogo kutoka koridoni, tik, tik, kama ukucha juu ya bati, ukikaribia, ukiharakisha, wala hatukusikia nyayo. Kila mmoja akanitazama. Ningeweza kusema sijui. Badala yake nikainua mkono.

"Ndiye anayepita kati yetu. Sogeeni, mliguse sanduku."

Wakasogea. Wa kwanza alikuwa Nakato, Mganda, mfagiaji wa karakana ya jirani, mwenye mimba ya miezi saba. Alipiga magoti, akaegemeza tumbo pale pale, na mlango ulipofunguka mlio ule ukawa mmoja usiokatika.

Aliyeingia alikuwa fundi wa Kihindi, mkononi ameshika kipima mionzi, nacho ndicho kilicholia. Hakupaza sauti, na upole ule ndio ulionitisha.

"Khalas, basi, wote nje. Mama, wewe kwanza."

Sandukuni, alitueleza, kulikuwa na kifaa cha kupimia udongo wa barabara, chenye chembe itoayo mionzi, ambacho yeye na wenzake walikitafuta tangu jana. Kizibo chake cha kuzuia mionzi kilikuwa kimefungwa, akadhani hatukudhurika. (Hospitali ilithibitisha baadaye, na mtoto alizaliwa salama.) Lakini hayo hatukuyajua bado Nakato aliponijia, juani, mikono juu ya tumbo.

"Mwalimu, ulijua ni nini?"

"Sikujua."

"Basi mbona ulituita?"

Mumewe, aliyekuwa miongoni mwa waumini, akamshika mkono wakaondoka. Tangu hapo sijasimama mbele ya watu kufasiri nisichokijua. Niulizwapo jambo nisilolielewa husema sijui, na husema hivyo mapema, kabla mtu hajasogea.