Karafuu Mlangoni kwa Mpangaji

Nyumba ndogo niliyoijenga na marehemu mume wangu siwezi kuiona imefungwa. Nyumba isiyopikwa ndani huliwa na mchwa. Ndiyo maana mpangaji wangu, muuguzi kutoka bara, aliponambia atahama, sikutulia. Nilikuwa nikifua, nikaziacha nguo majini.

"Bibi, jirani yako hanitaki," alisema. "Anatandika majamvi ya karafuu mpaka kizingitini. Nikitoka napita kwa ncha za vidole, na yeye anacheka: 'Mwanangu, ngoma gani hiyo?' Redio nayo kaielekeza dirishani kwangu, na mimi nimetoka zamu ya usiku, nataka kulala."

Jirani huyo tumezeeka pamoja. Mdomo anao, lakini mshari hakuwa. Nikavaa buibui nikaenda. Njiani nilipanga la kusema, nikalipangua, nikalipanga tena. Nikaingia bila ya hodi, na hilo ni kosa langu.

"Unamfukuzia nini mpangaji wangu?"

"Kaa kwanza, shoga, utaanguka na hasira zako."

"Sikai."

"Basi sikiliza umesimama. Juzi mvua imepiga, mimi niko shamba. Mwanamke yule yuko barazani anakunywa chai. Karafuu zangu za siku tatu zinaroa, yeye kaingia ndani kafunga mlango!"

Hapo nikakaa. Kwetu mvua ikitoa harufu tu, aliyepo huzoa karafuu, ziwe za nani. Hata kama hamsemezani, unazoa, unaziingiza barazani, kisha mnaendelea kununiana.

Nikarudi kwa mpangaji, nikamuuliza. Akashika kichwa. "Bibi, mali ya mtu! Ningeonekana nazibeba si ningeitwa mwizi?"

Nilijionea haya. Alipohamia nilimpa ufunguo, nikamwonyesha kisima na choo, karafuu sikumtajia. Nilidhani kila mtu anazaliwa analijua hilo.

Alasiri nikamshika mkono tukaenda. Aliomba radhi vizuri. Jirani hakumtazama, alikuwa akichambua karafuu mbichi, akizitenga na makonyo, vile vijiti vyake.

"Radhi haikaushi karafuu," alisema. Kisha akasogea kidogo mkekani. "Kaa uchambue. Na kucha hizo uzikate."

Nikakaa na mimi, maana kuwaacha peke yao moyo ulikataa. Kila mpangaji alipokosea, jirani alimrushia kishada mapajani. "Makonyo haya utampikia nani?"

Mara ya nne mpangaji akajibu, "Nitakupikia wewe, Bibi, ukija kwangu kuchomwa sindano."

Nikasema moyoni, basi, pameharibika. Jirani alicheka mpaka ushungi ukamwanguka.

Asubuhi nilipita huko kabla ya chai. Majamvi yapo palepale, ila yamesogezwa, pameachwa njia ya upana wa mguu kutoka kizingitini. Mpangaji hakutaja tena kuhama. Redio bado inapiga kelele. Hiyo nitakwenda kuisemea mwenyewe, na safari hii nitabisha hodi.