Mwisho Ulioshonwa Kwanza

Mama Vifungo alikuwa fundi cherehani wa kukata vipande vyote kwanza, mikono, mifuko, kola, ndipo akae kushona. Riwaya yake nayo aliikata hivyo hivyo. Kabla hajaandika sura ya kwanza alishaandika ya mwisho: mume aliyetoroka anarudi, mke anapiga magoti, analia, anamshukuru kwa kurudi. Sura za katikati hakuzipangia kitu. Zilimjia zenyewe mguu ukiwa kwenye pedali, naye akaziachia zije.

Siku aliyofika mwisho, akamsomea wifi yake aliyekuwa akishona vifungo pembeni.

"Akamkumbatia miguu, akailowesha kwa machozi..."

Wifi akakata uzi kwa meno. "Ngoja kwanza. Huyu si yule aliyechimba kisima peke yake? Akamtimua mwizi kwa mchi?"

"Ndiye."

"Sasa umemlisha nini, wifi? Katikati jitu zima, mwishoni tambara la kudekia!"

Mama Vifungo hakucheka. Mate yalimjaa kama mtu aliyekuta unywele kwenye tonge. Kila alipourudia ukurasa ule kinyaa kilizidi. Machozi yenyewe aliyaona yananuka. Mwisho ule ulikuwa gauni la mtoto, naye alikuwa akimshindilia mtu mzima humo, mbavu zikilia.

"Si ubadilishe tu," wifi akasema.

"Na lile je?"

Akaonyesha kwa kidevu jalada la kitabu lililoegemezwa ukutani: mwanamke kapiga magoti, chozi kubwa kama yai. Lilichorwa kwa kufuata mwisho ule ule. Mchapaji alishasema jalada halichorwi mara mbili. Kitabu kije hivyo, la sivyo kisije kabisa.

"Basi kiache kitoke hivyo hivyo, wifi," mwenzake akashusha sauti. "Umekihangaikia mno."

"Kikitoka hivi, kila nikikiona nitatapika."

Akalivuta jalada. Karatasi ngumu, nzuri. Akaligeuza, akachora nyuma yake kiolezo cha kola ya shati la mteja, akashika mkasi. Mwanamke akakatika magotini.

"Ala! Mchapaji atakumaliza!"

"Atafute magoti mengine."

Akatema mate dirishani, maana ladha ile ilikuwa bado haijamtoka, kisha akaandika kwenye ukurasa mtupu: *Mlango ukagongwa.* Kalamu ikasimama.

"Enhe, anafungua?"

"Sijui."

"Hujui, na mwandishi ni wewe?"

"Nyamaza basi, tumsikilize mwenyewe."