Marashi Yangu na Tandala wa Deon

Mpaka leo nikikumbuka uso unaniwaka, lakini niseme ukweli, hasira ninayo kuliko aibu, kwa sababu hakuna aliyeniambia, na mtu usipomwambia atajuaje?

Nilikuwa nakata nyama kwenye bucha moja Umbilo Road, na mdogo wangu Diane alikuwa anaolewa Jumamosi. Baba alishafariki kwetu Burundi, kwa hiyo baba nilikuwa mimi, na wakwe walituangalia kama watu wasio na kwao. Bosi wangu, Deon, akaniambia twende tukawinde tandala shambani kwa rafiki yake, mimi nichune, mapaja mawili yawe yangu kwa harusi. Nyama hiyo nikaitangaza kanisani (ndiyo, kanisani, wakwe wakiwa benchi la mbele).

Asubuhi ya Alhamisi nikajiandaa kama mtu anayekwenda ugenini: shati la pasi, mafuta, na marashi, kwanza shingoni, halafu kwapani, halafu nikaona nimalizie kwenye koti, maana kwetu huendi kwa watu ukinuka jasho. Deon alikuwa na mafua, hakusikia kitu. Aliniambia nivae kijani, nizime simu, nisiongee. Nikafanya yote. Yote!

Tukalala kwenye majani masaa matatu, upepo ukitupiga usoni, mpaka dume mzee akatoka, pembe zimejizungusha mara mbili na ushee. Deon akainua bunduki, na hapo upepo ukageuka. Tandala akanyanyua pua, akabweka kama mbwa, akapotea na majike wake wote. Wakabaki madume wawili wadogo wanatushangaa.

"Piga huyo," nikasema.

"Huyo bado mtoto. Kibali ni cha dume aliyekomaa, na msimu unafungwa leo." Kisha akasogeza pua yake iliyoziba kwenye koti langu. "Wewe umejipaka nini?"

Sasa mimi nauliza, kama pua ya tandala ni jambo kubwa hivyo, lilisemwa wapi? Badala ya kuomba msamaha, Deon akawahadithia wateja wote wa bucha, na kufika Ijumaa hata watu wa mtaa wa Point, wasionunua kwetu, walikuwa wananinusa.

Harusini tukala kuku. Msemaji wa wakwe akashika maiki: "Tunamshukuru kaka wa bibi harusi. Nyama yake imekimbia, lakini yeye ananukia vizuri." Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Eish, nikatoka, nikamkuta Deon (nilimwalika mwenyewe) kwenye maegesho, nikaanza kumwambia yote niliyokuwa nayo moyoni, na nilikuwa nayo mengi.

Kumbe ndani wananiita nimkabidhi Diane kwa mumewe. Waliniita mara tatu. Niliporudi, alikuwa ameshakabidhiwa na Mama Chantal, jirani anayeuza mboga, wala si ndugu yetu.

Nikamwendea Diane nimweleze habari ya upepo. Hakunipa nafasi.

"Kaka, mimi nyama sikukuomba."

Tangu siku ile, watu wakinicheka nakaa palepale nilipo, wacheke mpaka wachoke.