Fundi aliyempa mfalme uso wake

Saa tatu asubuhi, Euthias anachovya kitambaa cha kitani kwenye gundi, anakikamua, kisha anakilaza juu ya kalibu ya udongo. Taratibu uso wa mfalme, kinyago cha mchezo wa kuigiza, unaanza kuonekana. Zimebaki siku kumi na mbili kabla ya sikukuu ya Dioniso, mungu wa mvinyo na maigizo, na Athene nzima itaketi mlimani mbele ya jukwaa kuutazama.

Antidoros, tajiri anayegharamia mchezo, anaingia na kuiinamia kazi.

"Fundi, mbona huyu ana sura ya mtu wa watu? Mkunje nyusi, ajulikane ni mwovu tangu mwanzo."

"Nikimfanya jambazi, bwana, akianguka mwisho wa mchezo watu watasema, 'Na akome!' Nani atamlilia? Nikimfanya asiye na doa, wataondoka wameikasirikia miungu."

"Sasa wataka nini?"

"Mtu mwema mwenye pupa. Kama mimi na wewe."

"Mimi sina pupa!"

"Hata hodi hukupiga, bwana wangu."

Euthias ana miaka hamsini na minne, na thelathini kati ya hiyo ameitumia kutengeneza vinyago. Msimu wa sikukuu hupata drakma moja na nusu kwa siku. Ukiisha, hushona viatu. Antidoros anaweza kuihamishia kazi kwa fundi mwingine leo hii. Lakini silo linalomkosesha raha.

Miaka kumi na moja iliyopita, kisu cha marehemu baba yake, chenye mpini wa pembe, kilipotea. Mbele ya majirani, Euthias akamwita mdogo wake Fanias mwizi, akaapa kwa Zeu, mkuu wa miungu, kwamba hatamsemesha tena maishani. Siku ya tatu kisu kikaonekana ndani ya chungu chake mwenyewe cha gundi. Fanias alikuwa keshahamia kisiwa cha Salamisi.

"Sikuwa na roho mbaya," Euthias anamwambia Antidoros, akimsimulia kisa hicho. "Niliipenda haki, ila niliipenda kwa haraka. Na kiapo cha Zeu hakitanguki. Maji yakimwagika hayazoleki."

"Haraka yake hiyo! Hata dengu huzila mbichi," anadakia mkewe, Filina, akipepeta nafaka kwa ungo pembeni.

Antidoros bado hajaridhika. Euthias anatungua kinyago cha majaribio cha mfalme huyo huyo, kilichokwisha kukauka, anakivaa, anageuka.

Ungo wa Filina unasimama. "Mama yangu! Ndivyo ulivyokuwa siku ile ya kisu." Anajifunika uso kwa shuka na kulia.

Tajiri anamtazama mama huyo, kisha kinyago.

"Kiache hivyo hivyo," anasema, na kutoka anatoka polepole.

Kila mwaka Fanias huja kwenye sikukuu na watu wa Salamisi. Mwaka huu ataukuta uso wa kaka yake jukwaani, ukikiri kosa kwa sauti ya mwigizaji. Mchezo ukiisha, kinyago kitatundikwa hekaluni kama ilivyo desturi, na Euthias amepanga kusimama chini yake mpaka mtu wa mwisho apite.

"Niliapa kutomsemesha," anasema, akibandua gundi vidoleni. "Sikuapa kutolia."