Majamvi ya Msikiti wa Kibiti

Nilikuja Kibiti kutoka Ngazija nimeolewa. Mume wangu alipofariki, watu wakanifungia mizigo kwa macho: kila aliyeniona aliuliza narudi kwetu lini. Nikawajibu kwa kufungua duka. Zama zile za Mwingereza mwanamke kwenda Utete kuomba leseni ya biashara kilikuwa kioja, na karani alinitazama kama mbuzi aliyeingia ofisini. Nikang'ang'ania benchi lake mpaka akanipa.

Biashara yangu ilikuwa mikeka. Wanawake wa Kibiti, Dimani hata Mbwara walisuka ukili, ule mkanda mrefu wa ukindu unaoshonwa kuwa mkeka, nami nikiununua kwa pima, yaani urefu wa mikono iliyonyooshwa. Basi mikono yangu ni mifupi. Pima yangu ilikuwa ndogo kuliko ya mnunuzi yeyote, na wasusi walinitania kwamba Mungu aliniumba kwa faida yao. Hata hivyo lori liliondoka kwenda Dar es Salaam limesheheni mikeka yangu, nami nikilitazama kifua mbele. Sikuona haya kujivuna, na leo sioni.

Msikiti mpya ulipokwisha kuezekwa, nikasema majamvi yote nitatoa mimi. Nilitaka thawabu, naam, lakini nilitaka na jingine: watu wakome kuniita mgeni. Imamu, mwanamume mrefu wa kuinama kila mlango, aliupima msikiti mwenyewe kwa mikono yake, akaniletea idadi ya pima. Nikawapa wasusi kazi, na kila jamvi nikalipima kwa mikono yangu.

Mmeshaelewa. Asubuhi ya Ijumaa ya kwanza tukatandika kuanzia kibla, na majamvi yakakoma kabla ya kufika mlangoni. Safu ya nyuma ikabaki sakafu tupu. Mzee mmoja akacheka.

"Sadaka ya mgeni hiyo," akasema. "Haifiki mlangoni."

Nilimjibu maneno yasiyosemwa karibu na msikiti. Kisha nikaketi barazani nikilia kwa hasira.

Msusi wangu mkubwa, bibi wa Kindengereko niliyezoea kugombana naye kila tukikutana, akaja kunisimamia.

"Inuka, Mngazija. Walia nini na watu tupo?"

Akapita nyumba kwa nyumba. Wanawake wakaja na ukili waliojiwekea wenyewe: huyu wa kumwozea binti, yule wa kitanda cha mzazi, mwekundu, wa zambarau, wa manjano. Wakakaa barazani na shazia, sindano zao kubwa, wakaanza kuunganisha. Nilipofungua mkoba nilipe, bibi akanipiga kofi mkononi.

"Leo hununui kitu. Kaa ushone."

Nikashona, na vidole vikanivimba. Kabla ya adhana safu ya nyuma ilikuwa imetandikwa, ya rangi zote, nzuri kuliko za mbele.

Wakaja watu wa Ikwiriri kusali. Mmoja wao, akivua viatu, akawauliza wanawake majamvi mazuri vile katoa nani. Nikatengeneza buibui langu, tayari kutajwa. Yule bibi hakuinua hata macho kutoka kwenye uzi uliobaki aliokuwa akiukunja.

"Tumetoa sie," akasema, "wanawake wa Kibiti."

Sikumsahihisha. Nimesifiwa mara nyingi maishani mwangu, lakini sijapata kujivuna kama nilivyojivuna siku ile nilipokosa kutajwa.